Kiasi katika Siku za Noeli

Sikukuu ya Noeli yakaribia, nasi twajiandaa kwa ibada, kwa nguo mpya na kwa karamu. Karamu si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alihudhuria arusi ya Kana. Lakini wako ambao sikukuu huwaishia kitandani, wala si kwa bahati mbaya, bali kwa kukosa kiasi. Yafaa basi tujifunze jinsi Mama Kanisa alivyozipanga siku hizi.

Kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, mkesha wa Noeli ulikuwa siku ya kufunga na kuacha nyama. Amri hiyo iliondolewa mwaka 1966, ila hekima yake ingalipo: aliyejizuia jana hula leo kwa shukrani, si kwa pupa. Tena Noeli si ya siku moja. Ina oktava, yaani siku nane, hadi tarehe 1 Januari. Mbona basi twala na kunywa kana kwamba kesho hakuna sikukuu?

Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, wagonjwa. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiache dawa zake kwa sababu ya sherehe. Wako wanaodhani kwamba kidonge huvunja mfungo wa Komunyo. Sivyo. Tangu mwaka 1964 mfungo huo ni wa saa moja tu. Maji na dawa haviuvunji, na wazee na wagonjwa hawabanwi hata na saa hiyo. Tena, atumiaye dawa za kisukari akikaa na njaa tangu alfajiri hata alasiri, akingojea pilau, aweza kuzimia.

Pili, chakula. Wali uliolala sufuriani penye joto huzalisha vijidudu, na sumu ya baadhi yao haiondoki hata ukipashwa moto. Heri kupika kwa kadiri ya walaji, na kinachozidi kipelekwe kwa jirani kingali cha moto. Hivyo afya na mapendo hutunzwa kwa tendo moja.

Tatu, kinywaji. Pombe kali isiyojulikana ilikotoka yaweza kuwa na methanoli, sumu ipofushayo macho na kuua, wala mnywaji haitambui kwa kuonja. Na hata iliyo safi ina gharama yake: fedha iliyonywewa Desemba haionekani Januari, shule zifunguliwapo, na anayeadhibiwa ni mtoto asiyeonja hata tone.

Katekisimu yatufundisha fadhila kuu nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Kiasi hakiui furaha, bali huifanya idumu hata siku ya nane. Enyi baba na mama wa nyumba, Mtoto aliyelazwa horini hakudai karamu kubwa. Tumpokee kwa akili timamu, kwa mwili wenye afya, na kwa mlango ulio wazi kwa jirani.