Dondoo muhimu: Ukiumwa na nge

Nge ana miguu minane kama jamaa zake, buibui na kupe. Mchana hujificha, usiku hutoka kuwinda wadudu. Kwa hiyo, ukiwa Bariadi, Itilima au Meatu, angalia kabla ya kutia mkono chini ya jiwe, kwenye rundo la kuni au chini ya gunia la pamba lililokaa muda. Kung'uta viatu na shuka. Ukienda chooni usiku, vaa viatu na uwashe tochi.

Ukubwa usikudanganye. Nge mkubwa mweusi mwenye magando manene mara nyingi hutegemea nguvu ya magando. Mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa zaidi. Lakini usipoteze muda kumtafuta ili umtambue.

Akikuuma, osha kwa maji na sabuni, vua pete au bangili kabla ya uvimbe, weka kitambaa chenye maji baridi, kisha meza parasetamoli. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba.

Sumu hushambulia neva, na mtoto huzidiwa haraka kwa sababu mwili wake ni mdogo. Mtoto yeyote aliyeumwa apelekwe zahanati mara moja, hata kama amenyamaza. Mtu mzima naye asingoje akitokwa jasho jingi, akitapika, akidondosha mate, misuli ikirukaruka au akipumua kwa shida. Jirani mwenye pikipiki akiwa karibu, mwamshe hata saa nane usiku.