"Kinakuja!": Vidokezo 9 vya Kuokoa Jioni ya Watu Wengi Mgahawani

Mmechanga, mmependeza, mmefika. Watu kumi na wawili mezani, keki bado iko kwenye boksi, na mhudumu amesema "kinakuja" kwa mara ya nne. Wawili wanamalizia chipsi zao, watano wanawatazama, waliobaki wameanza kuulizana nani aliyechagua hapa. Inauma, kwa sababu jioni hizi ni adimu: mwenzenu anahamia Dodoma, mama ametimiza miaka sitini, jirani amestaafu. Wiki ijayo hamtakusanyika tena. Kwa hiyo ilindeni jioni yenu mapema, hivi:

1. Chagueni siku kabla ya mgahawa

Ijumaa na Jumamosi za mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka, majiko ya Dar es Salaam huzidiwa. Siku ya Simba na Yanga, wahudumu wanapigania njia kati ya viti na televisheni. Mwezi wa Ramadhani kila meza inafuturu kwa wakati mmoja, adhana ya Magharibi ikilia, hivyo oda yenu iwe imefika jikoni tangu mchana. Mkiweza, nendeni Jumatano ya katikati ya mwezi. Mpishi yuleyule mtamwona mpishi mwingine.

2. Ukipiga simu, uliza mambo ya jikoni

Ukiuliza "mna nafasi?" utajibiwa "zipo, karibuni sana". Uliza zaidi: mbuzi wa kuchoma anachukua muda gani? Samaki wazima watakuwepo usiku? Watu kumi na wawili tutahudumiwa na wahudumu wangapi? Andika jina la aliyepokea simu, kisha piga tena siku yenyewe, saa kumi jioni. Oda nyingi hupotelea kwenye kubadilishana zamu: wa mchana alijua, wa usiku hakuambiwa.

3. Agizeni kwa sinia

Watu kumi na wawili wakiagiza vyakula kumi na viwili tofauti, jiko lenye mpishi mmoja na tanuri moja la mkaa halina namna ya kuvitoa pamoja. Sahani zitakuja mojamoja, na wa mwisho atakula wenzake wakichokonoa meno. Chukueni mbuzi kwa kilo, kuku wazima wawili watatu, ndizi, ugali, na kachumbari kwenye bakuli kubwa. Mpishi anapika vitu vichache kwa wingi, navyo vinafika kwa pamoja. Asiyekula nyama au mwenye masharti ya daktari ndiye aagize chake peke yake.

4. Muwe na msemaji mmoja

Wapishi wengi huharibu mchuzi, na waagizaji wengi vilevile. Mchagueni mtu makini, akusanye oda zote na kuziandika kwenye simu, halafu amwambie mhudumu: "Dada, naomba unisomee ulichoandika." Hapo ndipo mtagundua kwamba soda mbili za moto zimeandikwa baridi, na yule asiyekula pilipili ameandikiwa rosti yenye pilipili. Anayetaka kubadilisha apitie kwa msemaji, asimvute mhudumu shati anapopita.

5. Msiridhike na "kinakuja"

Kinachochosha watu ni kutojua, kuliko hata kusubiri kwenyewe. Ukiambiwa kwamba samaki atachukua saa nzima, unaagiza mishikaki ya kutulizia njaa na mazungumzo yanaendelea. Ukiambiwa "dakika mbili" kila baada ya dakika ishirini, unakasirika, tena kwa haki. Kwa hiyo uliza swali lenye jibu: "Kaka, naomba ukatuulizie jikoni, kuku ameshawekwa motoni au bado?" Kama bado, badilisheni mara moja, chukueni kitu cha haraka. Kama saa nzima imepita na hakuna kilichoanza kupikwa, lipeni vinywaji, mshukuru, mhame. Mtaa wa pili yupo mchoma kuku anayewangoja wateja.

6. Lalamikeni kwa meneja, mheshimuni mhudumu

Mhudumu hapiki, hapangi zamu, wala si yeye aliyeamua kwamba usiku wa leo meza zote za bustani ahudumie mtu mmoja. Kumpigia "psss", kumpigia makofi au kumwita "we!" hakuivishi mbuzi, na kunamvunjia heshima mtu aliye kazini. Msemaji wenu ainuke, amfuate meneja kaunta, aseme kwa utulivu mambo matatu: tumeagiza nini, tumeagiza saa ngapi, tunataka nini kifanyike. Hilo la tatu lisisahaulike. Semeni wazi: ugali ufutwe kwenye bili, au kuku aje sasa hivi na samaki aachwe. Meneja hawezi kurekebisha hasira, ila ombi linaloeleweka anaweza kulitekeleza.

7. Kisicho salama kirudi jikoni

Hapa msione haya. Mkateni kuku karibu na mfupa: maji yake yakiwa ya rangi ya waridi, hajaiva. Chakula kilichopoa nacho kina hatari zake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kile cha kuliwa moto kitunzwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Pilau iliyofika mezani kwenu ikiwa imepoa huenda ilipoa zamani.

8. Hesabu ianze na chupa ya kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chupa tupu zibaki pembeni ya meza au vizibo viwekwe kwenye kisahani hadi bili ije, kisha isomeni mstari kwa mstari. Michango ikusanywe kwa mtu mmoja kabla ya kutoka nyumbani, alipe mara moja kwa lipa namba. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kwa walioko Kenya, tazameni kama VAT ya 16% na tozo ya utalii ya 2% tayari zimo kwenye bei za menyu au zimeongezwa chini. Na kama mhudumu alihangaika kwa ajili yenu wakati jiko limemwangusha, mpeni bakshishi yake mkononi.

9. Shughuli isingoje chakula

Wengi hupanga hotuba, zawadi na keki vije baada ya kula, na jikoni kukikwama kila kitu kinakwama. Geuzeni ratiba. Vinywaji vikishafika tu, anayeagwa aagwe, mama aimbiwe, zawadi zifunguliwe, picha zipigwe watu wakiwa bado na nguvu na tabasamu. Mbuzi akichelewa baada ya hapo, atakuwa amechelewesha chakula tu. Lililowaleta litakuwa limeshafanyika, na limefanyika vizuri.