Dondoo muhimu: Jalada na bango linalovuta jicho

• Jua kanuni na sababu yake. Jina la jarida hukaa juu kwa kuwa majarida yakipangwa kwa kufunikana, sehemu hiyo ndiyo huonekana.

• Vunja kanuni moja, nyingine ziache. Jarida la TIME lilizoea fremu nyekundu kwenye jalada tangu 1927. Ilipogeuzwa nyeusi Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya kigaidi Marekani, msiba ulieleweka papo hapo.

• Acha wazo liongoze. Katika bango la filamu *Anatomy of a Murder* (1959), mbunifu Saul Bass hakutanguliza nyuso za waigizaji. Alichora mwili uliokatwa vipande.

• Pima kwa simu. Punguza picha iwe ndogo kama stempu. Jina lisiposomeka, anza upya.

Usivunje kanuni usiyoweza kueleza kazi yake.