Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo: Je, Ni Damu ya Nani?



Wapenzi wanandoa, baba mmoja wa hapa Shella, Malindi, alinijia baada ya Misa. Mtoto wake wa kiume ana miaka miwili. Shingo haijakaza na mikono yajipinda. Daktari amesema ni mtindio wa ubongo. Ndugu zake wanamwambia, "Damu ya mkeo ni mbaya, mrudishe kwao." Akaniuliza, "Katekista, nifanyeje?" Basi tujifunze pamoja.

Mtindio wa ubongo ni ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo kuumia au kutokukua vizuri, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Si laana wala jini. Mara nyingi mtoto alizaliwa kabla ya wakati, alikosa hewa, au alipata umanjano mkali, homa ya uti wa mgongo au malaria ya kupanda kichwani.

Na urithi je? Upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Genetics ulikadiria kuwa watoto kama 14 katika kila 100 wenye hali hii waliipata kutokana na mabadiliko ya vinasaba. Lakini mengi ya mabadiliko hayo ni mapya: baba hana, mama hana. Mengine humpata mtoto ikiwa wazazi wote wawili wamebeba kasoro ileile bila kujua, na hilo ni rahisi zaidi wakiwa ndugu wa karibu. Kanuni ya 1091 ya Sheria ya Kanisa inakataza ndoa ya watoto wa ndugu. Hata kwa afya kuna hekima hapo.

Kwetu Pwani kuna pia upungufu wa G6PD katika damu. Umeenea kwa sababu humkinga mtu kiasi dhidi ya malaria. Mtoto wa kiume huurithi kwa mama. Baba, usiokote jiwe! Mama naye aliurithi, na upungufu wenyewe haupindi kiungo. Hatari ni mtoto mchanga kuwa manjano sana bila kutibiwa, hadi ubongo uumie.

Kwa hiyo:
1. Mama ajifungulie hospitali.
2. Mkiona macho au ngozi ya mtoto mchanga ni ya manjano, mpelekeni siku hiyohiyo. Yako matibabu ya taa maalum. Msitegemee jua la asubuhi.
3. Msihifadhi nguo za mtoto pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Huvunja damu ya mwenye upungufu huo.
4. Kama mtoto wa kwanza alikuwa manjano, mwambieni muuguzi mapema.

Yule baba nilimkumbusha alichoahidi mbele ya altare: kumpenda mkewe katika ugonjwa kama katika afya. Jumatatu walikwenda pamoja kwenye mazoezi ya viungo. Yeye ndiye aliyembeba mtoto.

Jiulizeni nyumbani: Tukipata mtoto mgonjwa, je, tunatafuta wa kulaumiwa au tunatafuta tiba? Ndugu wakisema vibaya, nani atamtetea mwenzake?