SOMO: KUCHUNGA KAZI YA ORDINATERE WAKATI INTANETI NI POLEPOLE



Kutunga programu kunaweza kuchukua miezi mitatu, na kazi yote ipotee siku moja: ordinatere inaibiwa ao diski inakufa. Kwa hiyo shurti nakala ingine ikae mbali. Nakala mbili mu nyumba moja ni kama moja tu, moto utakula zote. Lakini wengi wanauliza: tutaituma namna gani, na mega zinaisha mbio?

1. Hesabu kwanza
Tuseme kazi yote ni mega 40, na njia inapitisha kilobiti 64 kwa segonde. Mega 1 ni kilobiti 8.000. Basi 40 × 8.000 = 320.000. Gawanya kwa 64: segonde 5.000, ni kusema saa 1 na dakika 23. Lakini kama mabadiliko ya juma ni mega 1, ni segonde 125 tu. Tunatuma yote mara moja, kisha tunatuma yaliyobadilika peke yake.

2. Chombo
Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, alitunga Git mwaka 2005 juu ya kazi ya Linux. Git inachunga historia ya kazi. Inaweza kuifunga yote mu faili moja, na faili ile inapita kwa intaneti ao kwa flashi mfukoni mwa msafiri.

3. Amri
Mara ya kwanza, tia alama, kisha funga yote:
git tag nakala1 main
git bundle create yote.bundle --all
Mwenzako anafungua:
git clone -b main yote.bundle kazi
Juma linalofuata, funga mapya tu:
git bundle create mpya.bundle nakala1..main
Mwenzako anaingia mu kazi yake na kuandika:
git bundle verify mpya.bundle
git pull mpya.bundle main

4. Angalisho
Usitie mu Git vitu ambavyo mashini inaweza kutengeneza tena. Picha na video hazipungui sana, juu zimekwisha kubanwa.

Amri ya verify inaonyesha kama msingi wa mapya uko kwa mwenzako. Haitoshi. Faili iliyokatika njiani inajulikana wakati wa kuifungua. Kwa hiyo usitie alama ya nakala2 mbele mwenzako hajajibu: «Nimefungua, inatembea.» Ukiharakisha, kifurushi kinachofuata kitasimama juu ya kitu ambacho yeye hana, nacho hakitafunguka.

Nakala ambayo haijafunguliwa hata siku moja, usiitumainie.

Maulizo
1. Mega 6 kwa kilobiti 64 zitachukua dakika ngapi?
2. Juu ya nini nakala mbili mu nyumba moja hazitoshi?
3. Kifurushi cha juma la pili kimepotea. Utafunga tena kuanzia alama gani?