Mfahamu Mbayuwayu Buluu, Mgeni wa Nyasi za Lambwe

Mvua za masika zinapokolea mwezi wa Aprili, mgeni mdogo mwenye rangi ya buluu hufika katika nyasi za Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Hukaa hadi Septemba hivi, kisha hurudi kusini. Wakazi wengi humwona bila kumtambua, kwa sababu akiruka kwa mbali huonekana mweusi tu. Somo hili linaeleza jina lake, sifa zake na kwa nini nyasi za kaunti hii ni muhimu kwa maisha yake.

Jina lake

Kwa Kiswahili huitwa mbayuwayu buluu. Jina lake la kisayansi ni Hirundo atrocaerulea. Hirundo ni neno la Kilatini lenye maana ya mbayuwayu, nalo atrocaerulea limeundwa kwa maneno mawili: nyeusi na buluu. Yumo katika kundi kubwa la ndege waimbao, ingawa sauti yake ni nyembamba na haisikiki mbali.

Sifa zake

• Mwili mzima, mgongoni na tumboni, ni buluu iliyokoza inayong'aa kama chuma kilichosuguliwa.
• Mkia umegawanyika pande mbili. Manyoya mawili ya nje ni marefu na membamba kama nyuzi, na ya dume ni marefu kuliko ya jike.
• Ubavuni ana manyoya meupe machache yaliyofichika. Huonekana anapojisafisha kwa mdomo.
• Uzito wake haufiki gramu 20.
• Ndege wachanga wana mkia mfupi, na rangi yao bado haijang'aa.

Wanaofanana naye

Mbayuwayu anayetoka Ulaya ana koo la rangi ya kutu na tumbo jeupe. Tena huyo hufika Kenya kuanzia Septemba na kuondoka Aprili, wakati ambapo mbayuwayu buluu ndiye anaingia. Teleka naye ana mabawa yaliyopinda kama mundu, na hatui kwenye bua la nyasi wala kwenye waya. Wapo pia mbayuwayu weusi wanaopenda kando ya misitu, lakini hao hawana mng'ao wa buluu. Kwa hiyo anayetaka kuwa na hakika atazame tumbo kwanza, kisha akumbuke ni mwezi gani.

Anakotoka na anachofuata

Mbayuwayu buluu hazai Kenya. Huzaa kusini, katika nyasi za nyanda za juu za Afrika Kusini, Eswatini, Zimbabwe, Msumbiji, Malawi, Zambia, kusini mwa Tanzania na kusini mashariki mwa Kongo. Hujenga kiota cha tope na majani makavu ndani ya shimo ardhini, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga. Jike hutaga kwa kawaida mayai matatu. Wanaotoka Afrika Kusini husafiri zaidi ya kilomita 3,000 kufika magharibi mwa Kenya na Uganda.

Huku anafuata chakula. Huruka chini chini juu ya nyasi na vinamasi akikamata nzi na wadudu wengine wadogo hewani. Lazima ashibe na kupata nguvu ya safari ya kurudi, la sivyo hatafika anakozalia.

Kwa nini yuko hatarini

Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia (IUCN) limemweka miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Kusini, nyasi nyingi alikozalia zimegeuzwa mashamba ya misonobari, mikalitusi na miwa. Huku magharibi mwa Kenya, nyasi hupungua kwa kulimwa, kukaushwa kwa vinamasi na kuchomwa ovyo. Nyasi za Busia nazo zimekuwa zikimpokea, lakini sehemu kubwa sasa ni mashamba.

Ndiyo maana Hifadhi ya Taifa ya Ruma ina uzito wa pekee. Eneo hilo la takriban kilomita 120 za mraba lilianza kulindwa mwaka 1966 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Wengi hulijua kwa korongo, yule swala mkubwa ambaye nchini Kenya amebaki hapo tu. Nyasi zinazomlisha korongo ndizo zinazomtunza mbayuwayu buluu. Hata hivyo, ndege hajui mpaka wa hifadhi. Hulisha pia juu ya malisho na vinamasi vya vijiji vya jirani.

Mkazi afanye nini?

• Asichome nyasi zote kwa wakati mmoja. Sehemu ikiachwa, wadudu hubaki na mifugo hupata malisho.
• Aache ukanda wa nyasi kando ya mito na vinamasi. Ukanda huo pia huzuia udongo kusombwa na mvua.
• Apande miti bomani, mipakani mwa shamba na palipokatwa miti. Kupanda miti ni jambo jema, lakini uwanda wa nyasi za asili si ardhi tupu inayosubiri miti. Una wenyewe.
• Apunguze kunyunyizia dawa za wadudu karibu na malisho na maji.
• Akimwona ndege huyu nje ya hifadhi, aandike tarehe, mahali na idadi, kisha awaarifu maafisa wa Huduma ya Wanyamapori Kenya (KWS) walio Ruma.

Maswali ya kujikumbusha

1. Ni sehemu gani ya mwili inayomtofautisha mbayuwayu buluu na yule wa kutoka Ulaya?
2. Kwa nini haonekani Lambwe mwezi wa Desemba?
3. Katika kijiji chenu, ni uwanda gani wa nyasi uliobaki, na ni nani anayeutunza?