Kufundisha Biashara ya Mipakani

Tufundishapo biashara huria na ulinzi wa viwanda, yatupasa tuanze na jambo lililo karibu na mtoto. Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa Novemba 1983. Tuwagawe wanafunzi wa Musoma makundi matatu: wavuvi, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, na wanunuzi. Kila kundi lieleze: mpaka ukifungwa, nani hupata, nani hukosa? Kiwanda huepukana na mshindani. Mnunuzi huweza kulipa zaidi. Mvuvi hukosa mteja wa Kisumu. Kisha walijadili Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambalo tangu 2010 huruhusu, kwa masharti, wafanyakazi kuvuka mipaka. Mwalimu asitangulize hukumu. Watoto wapime wenyewe.